Kumfundisha Mwaitu kujidunga sindano nikiwa nimempa mgongo

Jumatano, Julai. Satellite, Nairobi.

Manyunyu tangu asubuhi, yale ya Julai ambayo hayakuloweshi lakini pia hayakuachi. Nguo zilizoanikwa juzi bado zinafikiria kama zikauke au la. Nina hasira, na nimemtafuta mtu wa kumwelekezea nikakosa, isipokuwa huyu anayeandika.

Kwa aliyefika hapa leo bila kunijua: kazi yangu ni kusanifu mafunzo. Kampuni ikitaka watu wake wajue jambo, inaniletea makaratasi, nami nayageuza kuwa kozi ya kwenye simu. Picha, sauti ya dada mwenye upole, maswali machache, kitufe cha Endelea. Mwishoni alama ya kijani na pongezi.

Sikusomea. Zamani niliajiriwa kwenye saiba moja mjini, yaani duka la kompyuta na intaneti, ghorofani juu ya duka la viatu, na wanafunzi wa ualimu walikuwa wakiniletea tasnifu zao nizipige chapa na kuzijalidi. Sura ya Pili siku zote ilikuwa nadharia za kujifunza. Niliipiga chapa mara nyingi hata nikaanza kuwarekebishia. Kuna walimu wakuu leo ambao nusu ya Sura yao ya Pili ni yangu. Siwataji. Wao walipata shahada, mimi nikapata nadharia, na kila mtu akaenda zake ameridhika.

Nadharia zenyewe, ukiziondolea suti, ni kambi tatu. Kambi ya kwanza inasema mtu hujifunza kwa tuzo: akifanya vyema msifu hapo hapo, kesho atarudia. Kambi ya pili inasema kichwa ni kabati dogo la jikoni, ukiingiza sufuria zote kwa mpigo zitakuangukia, kwa hivyo punguza, unganisha, panga. Kambi ya tatu inasema hakuna anayemfundisha mtu, mtu hujijengea mwenyewe, wewe mshikie ngazi tu kisha uanze kuiachia polepole.

Nimekula kwa kambi zote tatu. Sina ugomvi na yoyote. Au sikuwa nao, hadi leo asubuhi.

Mwaitu, yaani mama yangu, ndivyo tunavyowaita sisi Wakamba, alikuja kwangu kutoka Mwingi mvua za Mei zikielekea kuisha. Sukari ilikuwa imepanda, vidonge vimeshindwa, daktari akasema sasa ni insulini. Nyumbani anaishi peke yake tangu Baba afariki, yeye na kuku na mbuzi na simu isiyoshika chaji. Kwa hivyo mpango ulikuwa rahisi: akae kwangu, ajifunze kujidunga mwenyewe, halafu arudi. Arudi Jumamosi hii. Chama cha kina mama kinamngoja, yeye ndiye mwenyekiti, na anasema kiti kikikaa wazi zaidi ya hapo kitapata makalio mengine.

Dada yangu Mwende yuko Voi kikazi, hapati ruhusa hadi Agosti. Basi mwalimu nikawa mimi.

Tatizo lilikuwa moja. Mimi ni mtoto wa kiume, na sindano inaingia tumboni.

Hapo hapakuwa na la kujadili. Mwaitu hakunikataza, wala mimi sikuuliza. Siku ya kwanza alikaa kitandani, akashika pindo la blauzi, akaningojea. Nikageuza kiti nikatazama ukuta. Tangu siku hiyo, asubuhi na jioni, nimemfundisha mama yangu nikiangalia kalenda ya duka la mbolea.

Na nilifundisha vizuri, hiyo ndiyo inayoniuma. Nilichukua kile kikaratasi cha maelezo kinachokuja na ile kalamu ya kudungia insulini, chenye hatua nyingi na michoro ya kuchosha macho, nikakisanifu. Nikaondoa, nikaunganisha, nikabaki na hatua chache ambazo mtu anaweza kuzishika hata akiwa na usingizi. Kabati dogo, sufuria chache. Nazitaja mgongo ukiwa kwake, yeye anajibu.

"Safisha mahali."

"Tayari."

"Ondoa vifuniko."

"Tayari."

"Zungusha dozi."

"Tayari, baba." Ananiita baba kwa sababu nimerithi jina la babake, Mutinda.

"Dunga, usitoe haraka. Hesabu."

Hapo namsikia akihesabu kwa Kikamba, polepole, kama anayehesabu mbuzi wakiingia zizini. Kisha: "Tayari."

"Vizuri sana, Mwaitu."

Tuzo, hapo hapo. Baada ya wiki mbili nikaanza kuiachia ngazi: sitaji hatua tena, nakaa tu na ukuta wangu, yeye anajitajia na kujijibu. Kambi zote tatu ndani ya chumba kimoja cha Satellite. Nilijisikia kama mtu anayestahili kupigiwa chapa.

Isitoshe, alisema haiumi. Hata kidogo.

Jumapili iliyopita, kule kanisani Waithaka anakokwenda tangu aje, alisimama kutoa ushuhuda. Aliwaambia kwamba aliogopa sindano tangu utotoni, kwamba alikuwa ameomba Mungu ampunguzie uchungu, na kwamba Mungu hakupunguza, aliondoa wote. Watu walipiga makofi. Baadaye mama mmoja, Mama Kioko, ambaye naye ameanzishiwa insulini juzi tu na analia kila asubuhi, alimshika mkono akamwomba amwonyeshe anavyofanya. Mwaitu alimwonyesha, kule nyuma wanakopikia chai.

Jumatatu nami nikatoa ushuhuda wangu, Loresho. Kuna shirika lina ofisi huko, kwenye nyumba ya bustani kubwa na mbwa asiyebweka, linataka kozi ya simu kwa familia zinazouguza wagonjwa wa sukari nyumbani. Bosi wangu, Wambui, alikuwa amesikia habari za Mwaitu nikizisimulia wakati wa chakula cha mchana.

"Mutinda, hiyo ndiyo itawamaliza," aliniambia. "Weka mwanzo kabisa. Watu wanapenda mama."

Nikaiweka mwanzo kabisa. Mama wa Mwingi, sindano, hatua chache, uoga umeisha, hata uchungu hasikii. Mama mmoja upande wa pili wa meza alifuta macho. Wambui alinikanyaga mguu chini ya meza kwa furaha. Kesho asubuhi wanakuja ofisini kwetu mjini kukubali muundo wa mwisho, na muundo wenyewe ni ule ule: hatua zangu, na baada ya kila hatua kitufe cha kusema umemaliza.

Sasa leo.

Jumatano nafanyia kazi nyumbani. Manyunyu yalipozidi nilitoka kuanua nguo kabla hazijarudi kuwa maji. Nilipokunja leso ya Mwaitu, ile ya kushindia, niliisikia harufu. Hospitali. Si dawa ya kuoshea sakafu, ni ile harufu ya plasta mpya, ya chumba cha sindano. Nikainusa tena. Ilikuwa imefuliwa na bado ilinuka, mahali pamoja, pale leso inapokaa juu ya mapaja mtu akiwa ameketi.

Nilijiambia ni spiriti ya kusafishia. Nilitaka sana iwe spiriti.

Ana kopo la majarini anamotupia sindano zilizotumika, tunalirudisha kliniki likijaa. Nikalifungua pale dirishani.

Sindano ya kalamu ina kifuniko kikubwa cha nje, na ukikitoa kuna kingine ndani, kijibomba chembamba cha plastiki kilichoivaa sindano yenyewe. Sindano zote ndani ya kopo zilikuwa bado zimevaa vile vijibomba. Zote. Zimelala humo kama watoto waliovishwa soksi wakisubiri kwenda shule.

Nikatoa moja, nikalifunga kopo.

Mwaitu alikuwa jikoni anachambua maharagwe. Niliiweka mezani mbele yake.

"Mwaitu, hii ni nini?"

"Sindano."

"Na hiki kilicho juu yake?"

Akavaa miwani. Akaisogeza kwenye mwanga. "Si hicho ndicho sindano?"

Nikavuta kile kijibomba. Sindano ikatokea, nyembamba kama unywele. Mwaitu aliitazama, kisha akanitazama, kisha akarudi kuitazama.

"Kumbe iko ndani," alisema.

"Kliniki hawakukuonyesha?"

"Yule muuguzi alidunga kipande cha sponji. Yake ilikuwa imeshafunguliwa."

"Hukushangaa kwamba haiingii mwilini?"

"Niliona haina ncha. Nikasema ni ya kisasa."

"Na majimaji yaliyokuwa yakimwagikia leso?"

"Nikadhani ni ile ya kusafisha." Aliokota haragwe bovu akalitupa pembeni. Halafu akasema, bila lawama yoyote, kama mtu anayekumbusha jambo ambalo sote tunalijua: "Na wewe ulikuwa ukisema vizuri sana."

Ndiyo. Nilikuwa nikisema.

Kwenye kikaratasi kile, vifuniko vina hatua tatu: cha kalamu, cha nje, cha ndani. Kila kimoja na mchoro wake. Mimi nikaviunganisha kuwa hatua moja ili nisilijaze kabati la mama yangu. Yeye akatoa viwili, akaona kazi imeisha, akasema tayari. Nami, macho kwenye picha ya mahindi yaliyostawi kwa mbolea, nikamtuza.

Kambi ya kwanza haikukosea hata chembe. Unachokituza ndicho unachokipata. Sikuwa nikituza kudunga, kudunga sikukuona. Nilichotuza ni neno. Nilimfundisha Mwaitu kusema tayari, na amehitimu kwa alama za juu.

Lakini hilo si baya zaidi. Mwanzoni mwa mwezi tulipokwenda kupimwa, sukari ilikuwa juu vile vile. Daktari akauliza, "Anadunga?" Tukajibu kwa sauti moja anadunga. Akaongeza dozi. Kwa hivyo mama yangu alikuwa anapanda gari Jumamosi na dozi kubwa ambayo mwili wake haujawahi kuionja. Siku moja huko Mwingi, peke yake, kile kijibomba kingedondoka chenyewe, au jirani angekiona akakivuta. Dawa yote ingeingia kwa mara ya kwanza, pengine kabla hajala, sukari ianguke ghafla azimie pasipo mtu nyumbani.

Kuku wangejua kabla yangu.

Saa sita tulikuwa kliniki ya Waithaka. Daktari, kijana mwenye sauti ya mzee, alilipokea kopo, akachungulia, akalifunga tena taratibu. Hakumwuliza Mwaitu neno. Alinigeukia mimi.

"Nyumbani anaangaliwa na nani?"

"Na mimi."

"Ulikuwa unaangalia?"

Ningeweza kumweleza habari ya tumbo na kiti na ukuta. Naye ana mama. Lakini Mwaitu alikuwa hapo hapo, ameinamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyeulizwa, nikasema tu, "Hapana, daktari."

Akarudisha dozi kuwa ile ya mwanzo. Ale kwanza ndiyo adunge, tumpime kila siku, na chai ya sukari iwe karibu akianza kutetemeka au kutoa jasho. Safari hakuna hadi amwone tena. Mwaitu aliitikia yote. Tuliporudi nyumbani alitoa nguo kwenye begi alilokuwa ameshalifunga, akazirudisha kwenye kiti moja moja. Mimi nikaenda kumalizia maharagwe.

Kabla ya chakula cha jioni nilichukua chungwa na sindano mpya, nikakaa mezani mkabala naye.

"Leo wewe ndiye mwalimu," nilimwambia. "Mimi sijui chochote. Nitafanya utakachosema, na usichosema sifanyi."

"Unanichezea?"

"Sikuchezei. Sema."

"Haya. Toa kifuniko."

Nikatoa cha kalamu. Nikangoja. Nikamtazama kama mjinga, jambo ambalo leo halikunihitaji juhudi.

"Endelea."

"Sijaambiwa."

"Toa na kikubwa." Nikatoa. "Sasa dunga... ngoja. Ngoja, baba, hujatoa soksi!"

Nilikuwa nimeropoka ile habari ya soksi njiani kwenda kliniki, naye ameshaikamata. Aliniamuru niivue, nikaivua. Akaniamuru nidunge chungwa, nikadunga. Alicheka nilipohesabu vibaya kwa Kikamba, akasema mkaa mji ni mkaa mji hata akizaliwa na nani. Tulirudia hadi chungwa likawa halifai kuliwa. Kila mara nilijaribu kuruka hatua kwa ujanja, na kila mara alinishika. Ile ya mwisho alinipiga kofi dogo la mkono kabla sijafika.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza, tangu Mei, nilipoona kitu ambacho Mwaitu anakijua. Kabla ya hapo nilikuwa nasikia tu.

Alipokwisha kula tukaingia chumbani. Akakaa kitandani, nami nikageuza kiti nikarudi kwa mahindi yangu. Kuna mambo hayabadiliki kwa sababu ya kosa moja, hata likiwa kubwa. Lakini nilinyoosha mkono nyuma ya mgongo, kiganja wazi.

"Soksi ikitoka, niwekee hapa."

Plastiki ikalia. Kitu chepesi kikaanguka kiganjani mwangu, nikakifumba.

"Dunga, Mwaitu."

Nilisikia akivuta pumzi kwa meno. Halafu kuhesabu, mbuzi wakiingia zizini, safari hii kwa sauti iliyokaza kidogo.

"Imeuma," alisema.

Sikusema vizuri sana. Kama ningegeuka angeyaona macho yangu yaliyojaa maji, na hilo pia ni jambo ambalo mtoto wa kiume hulifanya akiwa amempa mama yake mgongo.

Baada ya kupimwa alikaa akinywa chai ya rangi, miguu juu ya kigoda. Sukari imeanza kushuka, kidogo, taratibu, kama daktari alivyotaka. Alisema Mwingi atakakokuwa peke yake soksi ataiweka kwenye kisahani cha chai, aione kabla ya kuendelea. Hilo sikumfundisha. Nilitaka kumweleza kwamba kambi ya tatu ingefurahi sana, nikamwongezea chai badala yake.

Kisha akasema, "Nipe simu."

"Unampigia nani?"

"Mama Kioko. Si nilimwonyesha na soksi yake?"

Nilikuwa nimemsahau Mama Kioko. Nimemwandika huko juu, lakini mchana kutwa sikumkumbuka hata mara moja. Mwaitu hakumsahau.

"Ngoja Jumapili umwone uso kwa uso," nilisema, nikidhani namhifadhia heshima.

"Na kesho asubuhi atadunga nini? Leso?"

Akapiga. Sikutoka chumbani, wala hakuniambia nitoke. Alisalimia, akauliza watoto, halafu akasema moja kwa moja: "Mama Kioko, kile nilichokuonyesha kilikuwa makosa. Kuna kitu kidogo ndani hukitoi, nami sikuwa nakitoa. Ndiyo. Hapana, inauma. Hata mimi imeniuma leo. Usidunge ile dozi yako hivi hivi, nenda kliniki kesho mapema uwaambie tangu Jumapili hujapata dawa." Akasikiliza kwa muda. "Jumapili nitasimama tena niwaambie. Sasa nifanye nini, ndivyo ilivyokuwa." Kisha wakaaga kwa maombi, marefu.

Haikumchukua muda. Hakutafuta maneno. Alirudisha simu kwangu ikiwa bado ina joto la sikio lake.

"Na wewe," alisema, "wale wa Loresho ulisema umewaambia nini kunihusu?"

Nilisema nitaona.

"Utaona," alirudia, akaenda jikoni.

Basi niko hapa na kozi yangu imefunguka mbele yangu. Nimeipitia yote. Ni nzuri. Sauti ya dada ni ya upole, michoro imetulia, na baada ya kila hatua kuna kitufe cha kubonyeza umemaliza. Watu watabonyeza. Watabonyeza wakiwa jikoni, wakiwa kazini, wakiwa na mtoto mgongoni, na mimi huku nitapokea alama za kijani na kuzipeleka Loresho kwenye mkutano. Kila alama ni Mwaitu akisema tayari, na mimi nikiangalia ukuta.

Nikiwaambia kesho, tutachelewa, Wambui atanuna, na yule mama aliyefuta macho atajua aliyafutia nini. Nisipowaambia, hakuna atakayejua. Hilo ndilo linalonitisha zaidi kuliko kununa kwa Wambui: kwamba kweli hakuna atakayejua, hadi kopo la mtu fulani lifunguliwe dirishani mahali nisipopajua.

Nimemwandikia Wambui. Nimefuta, nimeandika tena. Mwisho nimebaki na hivi: "Stori ya mama si kweli. Nilikosea, na kozi ina kosa lile lile. Kesho kabla hawajakaa naomba niongee kwanza. Nitakuja na sindano na machungwa."

Ujumbe umeondoka. Alama mbili, hazijawa buluu.

Manyunyu yameacha, au nimeyazoea. Kiti changu cha kufundishia bado kimeelekea ukutani, na soksi ya plastiki iko hapa kando ya kompyuta, fupi kuliko kijiti cha kiberiti.

Mwaitu ameita kutoka jikoni kwamba chai nyingine iko tayari.

Nakwenda kuangalia.